Siku tano kwenye reli ya zamani: mimi, dada na skuta

Hii safari niliipanga miezi minne. Kabla sijaingia siku ya kwanza niseme kitu kimoja, maana swali hili naulizwa kila nikitoka: "Sasa mbona unaweza kusimama, skuta ya nini?" Ndiyo, naweza kusimama, natoka kitandani mpaka chooni mwenyewe na siku nzuri nafika hadi getini, baada ya hapo miguu inagoma. Nina MS, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu, ubongo unatuma ujumbe mguuni na ujumbe unafika umechelewa au haufiki kabisa. Skuta ya umeme ya kukalia ilitengenezwa kwa watu wa aina yangu haswa, tunaoweza kukaa wima, kushika usukani kwa mikono miwili, kupanda na kushuka wenyewe, ila umbali ndo hatuwezi. Asiyeweza hayo kitimwendo ndo kinamfaa zaidi, ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya sana.

Njia tuliyochagua ni reli ya zamani. Treni iliacha kupita, vyuma na mataruma vikang'olewa, ikabaki njia ya watu wa miguu na baiskeli. Kwa mtu wa skuta sijaona njia nzuri kuzidi hizi na sababu yake iko wazi, treni ya mvuke ilikuwa haiwezi kupanda mlima mkali, kwahiyo waliojenga walikata vilima na kujaza mabonde ili njia ipande taratibu, taratibu, mpaka huoni kama unapanda. Kazi yao ile ndo inanibeba mimi leo.

Skuta yangu ina magurudumu manne, tairi za upepo, betri mbili za volti 12 zimeungwa pamoja kupata 24. Karatasi ya kiwandani inasema km 40 kwa chaji moja. Hiyo 40 inapimwa kwenye lami tambarare, betri mpya, mtu mwepesi, hakuna baridi, hakuna mzigo. Mimi nagawa kwa mbili na hiyo nusu ndo hesabu yangu ya siku nzima pamoja na kupotea njia. Kwahiyo km 20, basi.

Siku ya kwanza, km 9

Tumetoka saa moja asubuhi. Joto na MS haviivani, mwili ukipata moto kidogo tu macho yanaingia ukungu na miguu inaisha, kwahiyo ratiba yetu yote ni kutembea asubuhi, mchana tuko kivulini, jioni tunamalizia.

Kapu la mbele nimeweka koti la mvua, maji, tepu ya kupimia, pampu na tyubu moja ya akiba. Begi la nguo liko nyuma ya kiti. Hapo kwenye begi kuwa makini, mzigo mzito ukining'inia nyuma unahamisha uzito na ukipanda mwinuko skuta inataka kunyanyua pua, zile gurudumu ndogo za nyuma za kuzuia isipinduke zipo kwa ajili hiyo ila usizitegemee. Chaja tumeweka kwenye begi la dada kwasababu ndo kitu pekee ambacho kikilowa safari imeisha.

Kwenye usukani kuna kitufe cha kuzungusha cha spidi, upande mmoja picha ya sungura upande mwingine kobe. Nimeweka karibu na kobe. Dada anatembea pembeni.

Kama nusu saa hivi nikagundua kuna kitu hakiko sawa na sikukijua mara moja. Dada alikuwa anapiga hatua mbili anasimama, anageuka kunitazama, anapiga mbili tena. Miaka minne alitembea na mimi nikiwa na fimbo na miguu yake ilishazoea kunisubiri. Nikamwambia, dada, tembea, tembea kama unavyotembea wewe. Akaangalia skuta, akaniangalia mimi, alafu akaanza kutembea kweli, mikono inarushwa, na mimi nikazungusha kitufe kidogo kuelekea kwa sungura nikaenda naye sambamba. Hatukuongea kama kilomita nzima.

Na mimi pia nina langu. Ukitembea na fimbo macho yako chini muda wote, unatafuta mzizi, jiwe, jani lenye utelezi, unapanga mguu utue wapi, mtu akikwambia angalia kule huwezi kuangalia mpaka usimame. Nimepita sehemu nyingi nzuri ambazo ninachokumbuka ni udongo tu. Leo nimeona kigogota. Nilimsikia kwanza, ko-ko-ko-ko kama mtu anapiga msumari, nikainua kichwa nikiwa kwenye mwendo, nikamuona kashikilia gome la mti mkavu, mkia kaukaza kwenye shina kama mguu wa tatu, vipande vya gome vinaanguka. Niliachia kile kidude cha mwendo ninachobonyeza kwa kidole gumba, skuta ikasimama yenyewe, ndivyo zilivyo, ukiachia tu breki inajifunga, nikakaa pale namtazama mpaka akahama.

Kasoro ya leo: choo cha watu wenye ulemavu kwenye kituo cha mapumziko kilikuwa na alama nzuri mlangoni na ndani kimejaa viti vya plastiki na mafagio. Dada alitoa viti sita. Sita!

Siku ya pili, km 16 zikawa 20

Leo ndo siku niliyojifunza zaidi kwahiyo nitaandika sana.

Asubuhi poa kabisa, njia imepita juu ya tuta, pande zote mbili kuna vidimbwi na kerengende wengi, wekundu na wa bluu, mmoja katua kwenye kioo cha pembeni akasafiri na sisi kama mita hamsini hivi. Changarawe ilikuwa ile ndogo iliyoshindiliwa, tairi hazizami. Ukikutana na changarawe nene isiyoshindiliwa ujue betri inaliwa, unaisikia mota inabadilika sauti inaanza kunguruma.

Km ya 7 tukakuta vizuizi. Vyuma viwili vimesimikwa kwa kupishana, kimoja kinatoka kushoto kingine kulia, ili wenye pikipiki wasipite. Anayetembea anazungusha kiuno anapita, mwenye baiskeli anainyanyua. Skuta yangu ina urefu wa sm 137, upana 66, na inageuka kwa duara kubwa. Dada akatoa tepu akapima nafasi kati ya chuma na chuma, sm 110. Tulijaribu hata hivyo. Nikaingia mbele, nikarudi nyuma, nikaingia tena, kapu likagusa chuma, nikashuka nikashika mti, dada akajaribu peke yake bila mimi, haipiti. Kuinyanyua haiwezekani, na betri zake inazidi kilo mia.

Pale pembeni kuna kibao chenye namba ya simu ya wahusika wa njia. Tukapiga, ikaita mpaka ikakata. Tukapiga tena.

Nataka nieleze vizuri kilichoniuma maana watu wanadhani tunalalamikia milima. Mlima siulaumu, haukuwekwa na mtu. Ila kile chuma kuna mtu alikaa akakichora, akapima, akaleta saruji, na kwenye kichwa chake kulikuwa na pikipiki tu, mimi sikuwepo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu uliopitishwa mwaka 2006, kifungu cha 20 kinasema nchi ziwarahisishie watu wenye ulemavu kwenda wanakotaka, kwa namna wanayoitaka na wakati wanaoutaka wao. Wakati niliotaka mimi ni asubuhi ile kabla ya jua. Chuma kimoja kikisogezwa sm 60 tu hivi pikipiki bado itasumbuka na mimi napita.

Basi tukarudi nyuma kidogo, tukatoka kwenye barabara ya magari tukazunguka, km 4 za ziada. Dada mbele na fulana ya njano, mimi nyuma nimewasha taa zote. Barabara ile ina mwinuko na hapa ndo moyo ulinienda mbio. Mwinuko unapandwa umenyooka, usikate mshazari hata kama unaona ndo rahisi, skuta inapinduka kwa ubavu haraka kuliko inavyopinduka kwa nyuma. Nikainama mbele kifua karibu na usukani, nikaiacha iende polepole bila kusimama katikati. Nusu ya mlima mshale wa betri ukaanza kushuka, kijani, njano, ukagusa nyekundu. Tumebakiza km 8 na mshale uko kwenye nyekundu.

Kwa bahati nilishaambiwa hili zamani na fundi. Ule mshale haujui betri imebakiza nini, unasoma volti tu, na betri ikivuta mzigo mzito volti zinashuka kwa muda. Kwahiyo juu ya kilima tukasimama, nikazima ufunguo, tukakaa kwenye nyasi dakika kumi na tano, dada ananimwagia maji shingoni maana nilishaanza kuona ukungu. Nikawasha tena. Mshale ukapanda mpaka katikati ya njano. Ukitaka ukweli wa betri isome ikiwa kwenye tambarare baada ya kupumzika, hapo ndo inakwambia ukweli.

Tumefika saa kumi na moja jioni. Taa ya chaja iliwaka nyekundu mpaka alfajiri. Betri hizi za risasi ukizilaza usiku bila chaji zinajidhuru zenyewe, kila siku unachaji hata kama umetembea kidogo, na unaiacha mpaka taa iwe ya kijani, usichomoe katikati kwasababu umeona inatosha.

Siku ya tatu, km 7, mvua

Imenyesha toka usiku. Usukani nimeuvika mfuko wa plastiki mkubwa na mikono yangu ndani yake, kwasababu waya na vitufe vyote viko pale na maji yakiingia ndo basi. Kitu ambacho dada hakukijua ni baridi. Yeye anatembea anapata joto, mimi nimekaa, damu haichemki, saa moja tu vidole vilikuwa havisikii. Anayekaa anahitaji koti moja zaidi ya anayetembea, wanaosindikiza watu wa skuta mlikumbuke hilo.

Chini ya daraja la mawe kuna sehemu maji yanatuama na pale tukanasa. Gurudumu la nyuma la kulia linazunguka bure linarusha tope, la kushoto limetulia. Dada akasema nitoe gia asukume. Nyuma chini ya kiti kuna kile kiwiko cha kuachia mota, ukikivuta magurudumu yanakuwa huru, mafundi wanasema umeweka niutro. Nikakubali nikiwa bado nimekaa juu, na hilo ndo kosa letu la safari nzima, kosa letu wote wawili.

Ukiweka niutro ile breki inayojifunga yenyewe nayo imetoka. Haipo. Na pale palikuwa na mteremko mdogo kuelekea nyuma, haukuonekana kwa macho kwa sababu ya maji. Skuta ikaanza kurudi nyuma na dada alikuwa nyuma. Niliona uso wake. Nikapapasa ndani ya mfuko wa plastiki kutafuta breki ya mkono, ile kama ya baiskeli, nikaikuta nikaibana kwa nguvu zote, ikasimama gurudumu likiwa limeshagusa kiatu chake. Siyo skuta zote zina hiyo breki ya mkono. Ningekuwa na ile skuta yangu ya kwanza isingekuwepo.

Tukakaa kimya. Alafu tukafanya inavyotakiwa kufanywa toka mwanzo: mimi nikashuka nikashika ukuta wa daraja, tukarudisha kiwiko, tukaweka matawi chini ya gurudumu, dada akasimama pembeni ya skuta siyo nyuma, akabonyeza kidude cha mwendo mwenyewe kwa spidi ya kobe. Ikakataa. Taa inamweta tu, haiendi. Hapo nilikaribia kulia kwa kweli, baridi, miguu inatetemeka, mkono umekufa ganzi kwenye ukuta. Kumbe nyingi ukishazirudisha kutoka niutro lazima uzime ufunguo uwashe upya ndo zikubali. Dada akazima, akawasha, ikapanda matawi ikatoka kama haijawahi kuwa na shida.

Usiku aliniambia, "Mdogo wangu, kuanzia leo hakuna niutro ukiwa umekaa." Nimeandika hapa ili na nyie mliokuwa hamjui mjue.

Siku ya nne, hatujatoka

Ilipangwa hivi. Uchovu wa MS siyo ule wa kulala ukaamka umepona, ni kama mtu kachomoa waya. Nimelala mpaka saa tano.

Mchana nikakaa nje na skuta imegeuzwa kwenye jua ikauke, nasafisha tope kwenye magurudumu kwa mswaki wa zamani. Mtoto mmoja wa wageni wenzetu, kama miaka nane hivi, akaja akasimama. Mama yake akamvuta. Nikamwambia mwache. Akauliza inakimbia kiasi gani, nikamwambia km 12 kwa saa ila mimi siendi hivyo. Akauliza taa ziko wapi, honi iko wapi, akapiga honi mara nne. Alafu akauliza, nani aliitengeneza?

Hilo nilikuwa nalijua na nilifurahi kuulizwa. Mwaka 1968 kule Michigan, Marekani, bwana mmoja Allan Thieme alitengeneza moja ya magurudumu matatu kwa ajili ya mtu wa familia yake aliyekuwa na MS, ugonjwa huohuo wangu. Akaiita Amigo, kwa Kihispania maana yake rafiki. Mtoto akafikiri kidogo akauliza, "Na hii yako inaitwaje?" Sijawahi kuipa jina. Nikamwambia bado. Akasema atafikiria, akaondoka, na asubuhi walikuwa wameshasafiri kwahiyo sijui alifikiria nini.

Siku ya tano, km 12, ziwani

Siku bora. Mbingu imeoshwa, njia imekauka juu lakini bado ina unyevu wa kutosha vumbi lisiruke, na inateremka kidogo kidogo mpaka mwisho. Kwenye mteremko spidi inapunguzwa kabla hujaanza kushuka, siyo ukiwa katikati. Dada leo alikuwa mbele yangu mbali kabisa, naona kofia tu, na hakugeuka kuangalia kama nipo. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Mwisho wa njia wamejenga jukwaa la mbao linaloingia ziwani, lina njia nzuri ya kupandia, mwinuko wa moja kwa kumi na mbili, yaani kila sm 12 za kwenda mbele unapanda sm 1, skuta inapanda bila hata kuguna. Nikafika juu, nikasogea mpaka mwisho, na ubao wa juu wa uzio uko sawasawa na macho ya mtu aliyekaa. Mtu aliyesimama anaona ziwa lote. Mimi naona ubao. Nikishusha kichwa naona mstari wa maji, nikinyoosha shingo naona mawingu.

Tukashuka. Dada akazunguka pembeni akakuta sehemu ambapo watu wa mitumbwi wanashushia, pamelazwa zege mpaka kwenye maji. Akapima mteremko kwa mguu wake, akatikisa kiatu kuona kama kuna utelezi, akaniita. Nikaenda taratibu mpaka hatua mbili toka majini, nikazima ufunguo, nikasikia ile "tak" ya breki inajifunga.

Maji yalikuwa yanagonga zege, bata watatu wanapita, mmoja anabaki nyuma anawakimbilia wenzake. Ng'ambo kuna msitu na kivuli chake chote kimelala juu ya maji kichwa chini. Nilivua viatu. Nikashuka kwenye kiti, nikakaa kwenye zege, dada akanishika bega, nikaweka miguu ndani. Mguu wa kulia umesikia ubaridi mara moja. Wa kushoto ulichelewa, ila ulisikia.

Zamani, enzi za fimbo, kila tulipotoka mimi ndo nilikuwa wa kwanza kusema turudi. Nilikuwa nasema mapema kwasababu nilikuwa nahesabu hatua za kurudi. Saa kumi na mbili jua likawa limeshashuka kwenye miti, betri ina nusu ya kijani, nyumba ya kulala iko mita mia nne. Dada akasimama akakung'uta sketi.

"Twende, mdogo wangu, giza linaingia."

Nikamwambia dakika kumi tu. Akakaa tena.